Picha ya Mwari

Kila Jumamosi asubuhi Kiherehere aliifuta kamera ya baba yake kwa kitambaa laini. Jina hilo alipewa na mjomba wake, maana kutulia kwake kulikuwa kazi. Zamani baba ndiye aliyewapiga picha mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo. Tangu augue, mikono ilimtetemeka hata kikombe kilimshinda.

"Niletee mmoja tu, akiruka, karibu," baba alimwomba. "Ila usiwarushie chambo. Ngoja waje wenyewe."

Jumamosi moja mjomba, aliyekuwa mvuvi, akampeleka kwa boti yake. Wakangoja weee, mwari wakapita mbali. Mjomba alipoinamia injini, Kiherehere akachomoa samaki kwenye ndoo ya chambo, akamrusha juu. Mwari mmoja akashuka, mabawa wazi, akamdaka. Kacha! Picha ikapatikana. Lakini ndege alipopaa, mshipi wa kuvulia ulining'inia mdomoni. Lo! Kumbe yule samaki alikwisha kutiwa ndoana. Kiherehere akaifunika ndoo, asimwambie mjomba.

Jioni baba aliitazama picha hadi machozi yakamtoka.

"Ahsante, mwanangu. Sasa hata nikifumba macho, nitafumba nimeridhika."

Maneno yale yalimchoma Kiherehere. Asubuhi aliiacha chai mezani, akamwendea baba.

"Baba, nilimrushia samaki. Alikuwa na ndoana."

Baba hakugomba. Afadhali angegomba! Alimwita mjomba, wote watatu wakaingia botini. Walimkuta yule mwari kwenye fungu la mchanga, mshipi umemzonga shingo na bawa, amekwisha kufa.

Kiherehere alilia kwa kwikwi. "Lakini nimesema ukweli, baba!"

"Umesema, na nimekusamehe," baba alijibu. "Ila ukweli haungoji kupambazuke, mwanangu. Ungemwambia mjomba palepale, pengine tungemwahi."

Wakamfukia ndege mchangani. Walipokuwa wakirudi, mwari wengine walipita kwa mbali. Mjomba akazima injini bila kuambiwa. Baba akampa binti yake kamera aliyokuja nayo. Kiherehere alisubiri, mikono kwenye kamera tu, machozi yakimlowesha mashavu, kisha akapiga.

Ile picha nzuri walikubaliana kuifuta. Hii ya pili ndiyo iliyotundikwa ukutani, ndege wadogo kama punje za mchele. Wageni wakiuliza mbona hawaonekani vizuri, Kiherehere huinamisha kichwa, na baba hujibu, "Lakini hao walifika kwao."