Fimbo Iliyotangulia

Haya yalimpata rafiki yangu Morihiko, na alinisimulia macho chini. Njia ya mahujaji ya Shikoku, kisiwa chetu huku Japani, alikuwa akiitembea vipande vipande, kila likizo kipande. Mwaka jana mlima mmoja wa udongo mwekundu ulimshinda, akauzunguka kwa teksi, na fimbo yake ya hujaji, yenye kengele ndogo na jina lake, akaisahau chini ya mlima. Nyumbani akajigamba: “Nimeupanda wote!”

Mwaka huu akarudi kuendelea, akaanzia pale teksi ilipomshusha. Njiani kulikuwa na handaki refu, giza totoro. Humo akasikia mbele yake kengele ndogo, na fimbo ikigonga lami: ngo, ngo, ngo. Akiharakisha, nayo inaharakisha. Alipotoka, barabara ilikuwa tupu.

Kwetu fimbo ya hujaji ndiye mtakatifu anayetembea nawe, ndiyo maana huoshwa kabla ya miguu yako. Kwenye nyumba ya wageni alimkuta mama mwenye nyumba kachutama, anaosha fimbo.

“Wewe ndiye Morihiko? Huoni haya? Mwenzako keshafika, wewe ndiyo kwanza unajikokota!”

“Mwenzangu nani, mama?”

Akamwinulia ile fimbo. Ilikuwa na jina lake, imelika shubiri nzima, na kwenye beseni yalielea matope mekundu ya mlima ule ambao hakuukanyaga.