Mmea Usioomba Maji

Fundi wa mapazia alikuwa amesimama kwa muuza miche nje ya kituo cha mabasi, chungu kimoja mkono huu na kingine mkono ule, wapita njia wakimpiga vikumbo. Gauni lake la manjano lilikuwa limegandwa na nyuzi kwenye pindo. Muuzaji alishamweleza kuwa yote miwili ni mimea ya ndani inayowafaa watu wavivu. Ule wa majani mapana ukishikwa na kiu hulegea wote, ukinyweshwa husimama tena. Ule wa majani magumu, yaliyosimama wima, huweza kukaa mwezi mzima bila tone.

"Chukua huo mgumu, dada," sauti ikasema nyuma yake. "Huo mwingine una deko."

Alikuwa dereva wa malori ya masafa, shati limenyooka kwa pasi, tabasamu la kumtoa nyoka pangoni. Moyo wa fundi ulishaupenda ule wenye deko. Hata hivyo akachukua mgumu, na dereva akambebea hadi nyumbani.

Penzi likahamia kwenye simu. Kila jioni dereva alipiga akiwa safarini, na kila alipopiga, fundi alikwenda dirishani na kikombe cha maji.

"Mtoto wetu hajambo?"

"Anakunywa. Sikiliza."

Wakacheka. Siku za kununiana na kubembelezana dereva alipiga tena na tena, na kila mara mmea ukanyweshwa.

Kisha dereva akapata nafasi ya kuendesha gari la hapa hapa mjini, awe analala nyumbani. Akamuuliza fundi angependa nini. Fundi alilitaka hilo kuliko kitu chochote duniani, lakini aliogopa kuonekana mwenye deko.

"Lolote utakaloamua, mpenzi."

Dereva akaamua safari ndefu. Fundi akashona huku analia, akijipa moyo kwamba mvumilivu hula mbivu. Alisahau kuwa mbivu nazo huoza.

Miezi ikapita, simu na maji vikiendelea. Dereva aliporudi aliyakuta majani yamesimama vilevile. Akalishika moja kwa mahaba, likang'oka na kubaki mkononi. Shina lake lilikuwa tope linalonuka.

"Mbona lilikuwa zima?"

"Lilikuwa limesimama tu," fundi akasema. "Hata mimi."

Akamweleza yote, machozi yale na gari lile la mjini. Dereva akatoka mbio, akarejea anahema na ule mmea wa majani mapana, akauweka mezani na kumshika mikono.

"Tuoane, mpenzi. Ngoja nimalize safari hii moja tu."

"Unaondoka lini?"

"Kesho."

"Na huo mmea nani atakuwa anaunywesha?"

"Si wewe."

Alijibu kwa upole, akimaanisha ni nani mwingine, wala hakujua amesema nini. Fundi akauinua ule mmea kutoka mezani. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akamrudishia mmea wake, akamwomba aende nao na asirudi tena.

Jioni ya pili yake simu ikalia. Mikono ya fundi, kwa mazoea, ikajaza kikombe, na miguu ikampeleka dirishani. Chungu kilikuwa kitupu. Akasimama pale akiyanywa maji yale mwenyewe, mpaka simu ikanyamaza.