Mfuniko wa Pipa la Kabichi

Mshumaa wa sikukuu ya mtakatifu wa nyumba ulizimika mara tatu, na madirisha yamefungwa. Tijana akauwasha tena upesi, maana kila ulipozimika mwanawe Urosh, wa miezi mitano, alikata pumzi kidogo, kama aliyesikia anaitwa.

"Fanya haraka, wapiga picha wanangoja," Rastko mumewe alinong'ona. Alikuwa akigombea umeya, basi ukutani kaning'iniza picha mpya ya Mtakatifu Sava, inang'aa dhahabu kama meno ya tapeli.

"Mtakatifu wa nyumba hachaguliwi kama shati, Rastko. Anarithiwa kwa baba. Wa kwenu yuko wapi?"

"Baba alikuwa mtu wa Chama cha Kikomunisti, watakatifu walikatazwa. Na huyo wa zamani nani anamjua? Sava anajulikana na Waserbia wote."

Kisha akafanya jambo ambalo hata mlevi wa hapa halifanyi. Siku ya mtakatifu wake mwenye nyumba husimama, anahudumia mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Yeye akaketi, apigwe picha.

Hapo hapo sakafuni pakagongwa. Gu. Gu. Harufu ya kabichi iliyochacha ikapanda, wageni wakaweka chini vijiko vya ngano ya sikukuu iliyochemshwa, na midomo ya Urosh ikawa ya zambarau.

"Mama, kuna nini huko chini?" Tijana aliuliza.

"Pipa tu, mwanangu," mama mkwe Kosara alijibu, bila kumtazama.

"Mtoto anakufa, mama!"

Tijana akashuka mbio ngazi za ghala la chini, mtoto kifuani, hasira imeuzidi woga, akalikuta jiwe la kukandamizia kabichi linarukaruka lenyewe juu ya mfuniko wa pipa kama kuna mtu ndani anasukuma kwa kichwa, akalipiga teke likaanguka, akaugeuza ule mfuniko, ubao uliolowa, na uso uliochorwa upande wa ndani ukamwelekea: Mtakatifu Trifun na kisu chake cha mizabibu, macho yote mawili yamechokolewa kwa msumari.

Akapanda nao, akaubwaga katikati ya sahani. "Haya, pigeni picha! Mtakatifu wa nyumba hii ndiye huyu!"

Kosara akapiga magoti. "Ni mume wangu aliyefanya hivi. Chama kilitaka aonyeshe uaminifu. Yeye alichokoa, mimi nilimshikia taa. Miaka hamsini tumekula kabichi aliyoilalia kifudifudi. Nisamehe, Trifun."

Urosh akakohoa, akalia kwa nguvu. Tijana akalia naye.

"Ungama na wewe, mwanangu," Kosara akamnong'oneza Rastko. "Ulijua mfuniko ule ni nani. Lililomshika mtoto limemtoka, sasa linatafuta pa kukaa."

"Kura ni Jumapili, mama. Nyamaza, unaniaibisha."

Akainuka, akatabasamu mbele ya kamera, akafungua kinywa awahutubie wageni. Iliyotoka ni sauti ya baba yake, aliyezikwa miaka tisa iliyopita:

"Ndugu wanachama..."

Na wageni, wazee kwa vijana, wakapiga makofi.