Busta Kichwani kwa Baba

Kila asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka kwenye majani ya mibuni, Tusekile alichota maji, akafagia uwanja, kisha akatafuta kofia ya baba yake. Maji aliyafuata kisimani, maana bomba la kijiji lilikuwa limekauka tena. Siku ya kulizindua wakubwa walikata utepe, wakapiga picha, wakapanda magari yao. Bomba nalo likaondoka na maji yake. Kufagia hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa kofia.

"Tuse! Kofia yangu umeiona?"

"Unayo kichwani, baba."

Mzee Abrahamu alijipapasa, akacheka, akaivuta kofia yake ya sufu mpaka karibu na nyusi. Alikuwa mkulima wa kahawa, na kanisani aliimba besi ya kutikisa madirisha. Lakini nywele zake zilikuwa zikirudi nyuma kidogo kidogo, kama watu wanaojiondoa kwenye mkutano wa michango. Kila mwaka paji lilizidi kupanda.

Tangu mama yake Tusekile afariki, nyumba ile ilikuwa na wawili tu. Baba alijifunza kupika, akajifunza hata kusuka nywele za binti yake, ingawa mistari ilikwenda upande kama barabara yao ya kijiji. Wakacheka na kuzoea.

Basi viongozi wa kwaya wakatoa tangazo: Jumapili ya wiki inayofuata kwaya itarekodi video, na wanaume wote wasimame vichwa wazi.

"Wameamua wao wenye nywele," baba alinung'unika akiwa anarudi nyumbani. "Mwenye nywele atajuaje?"

Waimba besi wenzake walimtania njia nzima. "Abrahamu, wewe simama mbele. Hatutahitaji taa!"

Baba alicheka nao, lakini usiku ule hakumaliza ugali wake.

Siku chache baadaye alikwenda mjini Tunduma kununua kipuri cha mashine ya kumenya kahawa. Alirudi na kipuri, na habari.

"Tuse, nimepata mtu," alisema wakati wa kula. "Ana chumba nyuma ya kinyozi mmoja. Anakata ngozi ya paji kidogo, anavuta nywele zije mbele, anashona. Jumamosi nakwenda."

Tusekile alirudisha tonge sahanini. "Atakukata, baba? Ni daktari?"

"Ana koti jeupe. Kasema vipimo havina haja, niende na taulo tu."

Tusekile alimtazama baba yake akila kwa furaha, akawaza: akikatwa vibaya huko, mimi nitabaki na nani?

Kesho yake walikuwa shambani. Baba alikuwa akinyunyizia mahindi mbolea ya maji, ile wakulima wanayoiita busta. "Yaliyodumaa haya," alisema, "ukiyapiga busta, wiki haiishi yamefufuka."

Hapo Tusekile akapata wazo. Kama mahindi yanafufuka, nywele je? Zikiota kabla ya Jumamosi, baba hatakwenda kukatwa. Jioni, baba alipokuwa anaoga, alichukua chupa yake ya mafuta ya nywele, akamimina humo busta, akaitikisa mpaka mkono ukachoka. Baba alitoka bafuni, akapaka kama kawaida, akasugua vizuri.

Asubuhi haikuanza kwa kutafuta kofia. Ilianza kwa kelele.

"Nakufa! Kichwa changu!"

Paji lote lilikuwa limevimba, linawaka na kuwasha kama limepigwa na upupu. Kofia haikuingia hata kwa kulazimisha. Baba alinyakua ile chupa, akatoka mbio kwenda sokoni, kwenye meza ya Mama Grace aliyemuuzia mafuta.

"Umeniuzia sumu!" alifoka, na soko zima likageuka. "Tazameni kichwa hiki! Na hao wa kukagua bidhaa wako wapi? Wamekaa ofisini wanakunywa chai! Leo hii nakushitaki!"

"Baba Tuse, mafuta hayo nauza kila siku," Mama Grace alijaribu kusema, lakini wateja walikwisha kuanza kurudisha chupa.

Shuleni, wakati wa mapumziko, Grace alimfuata Tusekile akiwa na macho mekundu. Siku zote walikaa dawati moja.

"Baba yako kamwita mama yangu muuza sumu. Mbele za watu! Mafuta hayo hayo napaka mimi. Haya, tazama!" Akainamisha kichwa. "Unaona kidonda? Unaona hata kipele?"

Tusekile alitazama kichwa kile safi. "Sijui," alisema. Grace akachukua daftari zake, akahamia dawati jingine.

Tusekile alipotoka shuleni, alimkuta baba kituo cha afya, bado yuko kwenye foleni. Wagonjwa walijaa mpaka nje, na daktari alikuwa mmoja. Wanaogawa madaktari labda walidhani watu wa huko hawaugui. Hatimaye wakaingia kwa Daktari Atuganile, mama mwenye sauti ya upole na macho yasiyokosa kitu. Alifungua chupa, akanusa, akakunja uso.

"Hii si harufu ya mafuta peke yake. Mzee, lazima nijue humu mna nini. Nikikosea, naweza kukuongezea maumivu."

"Mna sumu ya Mama Grace! Nikitoka hapa nakwenda kumshitaki."

Tusekile alimwona tena akilini Grace akihama dawati. Akamwaza Mama Grace akirudisha chupa kwenye boksi.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Nilitia busta, baba. Ile ya mahindi."

Daktari alijifunika mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kumcheza.

"Busta?" baba aliuliza polepole. "Kichwani kwangu?"

"Nilitaka ziote kabla ya Jumamosi, usiende kukatwa." Machozi yalianza kumtoka. "Mama hayupo. Na wewe ukifa je?"

Hasira iliyokuwa imepanda kooni kwa baba ilishuka ikapotea. Alimvuta binti yake, akamkumbatia.

Daktari alimwosha paji kwa maji mengi, akampaka dawa. "Umesema kweli kwa wakati, binti," alisema. "Sasa najua ninachotibu. Ila dawa ya shamba ni ya shamba. Usiiguse tena. Ingeingia machoni tungekuwa tunalia wote. Na wewe mzee, hiyo Jumamosi ni ya nini?"

Baba akaeleza habari ya Tunduma.

"Upasuaji wa nywele upo kweli," daktari alisema. "Mmoja ndio huo, wa kukata ukanda wa ngozi ya paji na kuvuta nywele mbele. Humfaa zaidi mtu aliyezaliwa na paji refu. Zako bado zinarudi nyuma. Zikiendelea, kovu litabaki wazi kama mpaka wa shamba. Mwingine ni kupandikiza. Daktari bingwa anatoa mashina ya nywele kisogoni, anayapanda mbele."

"Ah! Kama kutoa miche ya kahawa kitaluni!"

"Barabara. Lakini kitalu chenyewe hakiongezeki. Aking'oa asiyejua, utakuwa na upara mbele na nyuma."

Baba alishika kisogo haraka, wote wakacheka.

"Si kosa kutaka nywele," daktari aliendelea. "Ukitaka kweli, nitakuandikia uende kwa bingwa, hospitali kubwa, upimwe kwanza. Lakini anayetaka taulo tu, mkimbie."

Walipotoka, baba hakuelekea kushitaki. Alikwenda sokoni, paji likiwa wazi na jeupe kwa dawa, akasimama palepale alipofokea.

"Jamani, mafuta ya Mama Grace ni mazima. Mimi nimekosa. Mama Grace, nisamehe."

"Na mimi nisamehe, mama," Tusekile alisema. "Nilitia busta."

Mama Grace aliwatazama, kisha kicheko kikamtoka. "Baba Tuse, yakiota mahindi hapo kichwani, mniletee hindi moja!" Soko likaangua kicheko, na waliorudisha chupa wakaanza kuzifuata. Grace alitoka nyuma ya meza ya mama yake, akamsogelea Tusekile, akambana mkono. "Kesho narudisha daftari zangu kwenye dawati letu," alinong'ona.

Jumapili ya video, Mzee Abrahamu alisimama mstari wa mbele, kichwa wazi, na besi yake ikatikisa madirisha. Hakuna aliyekumbuka kutazama paji.

Walipofika nyumbani aliivisha kofia ya sufu sanamu ya kutishia ndege shambani, akamgeukia binti yake.

"Tuse, kichwa changu kingepona hata ungenyamaza. Jina la Mama Grace lisingepona. Kosa lolote ukilifanya, liseme mapema, kabla mwingine hajalibeba. Na mwili wako usimpe mtu usiyejua kazi yake, hata akivaa koti jeupe. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Haya. Sasa niletee chupa ya busta."

Tusekile akashtuka.

"Ya mahindi, mama!" baba alisema, akicheka. "Ya mahindi!"