Kama Una Nguvu, Njoo Kwangu

Kilio kilitoka kwenye sinki. Keziah alikuwa amechemsha tambi, akainua sufuria na kumwaga maji yaliyokuwa yakitokota, na bomba la chini likalia. Haukuwa mgugumio wa kila siku. Ilikuwa sauti nyembamba, ya mtoto aliyeungua. Halafu kimya, na harufu ya nywele zilizoshika moto.

Zeinab, mpishi wa nyumba hiyo, mwanamke wa Mombasa aliyezeekea Jeddah, aliacha kukata vitunguu.

"Umesema bismillahi?"

"Mimi ni mtoto wa pasta, dada Zeinab. Siwezi sema hiyo."

"Basi ungesema ya kwenu. N'shakwambia tangu siku ya kwanza, maji ya moto hayamwagwi kimya. Huko chini mna wenyewe. Waonye wajihadhari."

"Kwetu hatupigii mashetani hodi," Keziah akajibu, na akaenda zake kuanua nguo.

Sikio la kufa halisikii dawa, na kiburi hicho Keziah alikirithi. Baba yake, Mchungaji Timothy Wambua, alikuwa na kanisa la mabati kule Kenya, kwenye vilima vikavu vya Makueni. Alihubiri kwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye betri ya gari, na sadaka ilikuwa mara kuku, mara mbaazi, mara ahadi. Alisomesha watoto kwa kuku hao. Aliogopa ukame na askofu wake, basi. Akiletewa mtu mwenye mapepo, alivua koti, akamkabidhi mkewe, akanguruma: "Mwache huyo! Kama una nguvu, njoo kwangu!" Hakuna pepo aliyewahi kwenda. Pasta alidhani wanamwogopa. Wala hakujiuliza kama labda hawakuwa wamesikia.

Kwake ndiko alikoachwa Maryann, binti wa pekee wa Keziah, wa miaka minne. Ni kwa ajili ya huyo Keziah alikuja kufua na kupiga pasi Uarabuni. Mtoto huyo hapati usingizi mpaka amshike babu yake sikio, alikumbatie kwa ngumi zote mbili. Keziah alikuwa na picha yao hivyo kwenye simu, na kila akichoka aliitazama.

Siku hiyo madam, mwenye nyumba, na watoto wake walikuwa Riyadh arusini. Dereva alikuwa amefunga mlango wa nje na kuondoka na ufunguo, kama ilivyo desturi madam akisafiri. Baada ya chakula cha mchana mtaa mzima ulilala, mapazia yameshushwa, jua la nje likichoma. Keziah alikuwa akisugua jiko vifuniko vya sufuria vilipoanza kutetemeka.

"Zeinab," akanong'ona. "Unasikia?"

Zeinab hakuwahi kujibu. Kitu kilimnyanyua kwa nywele, kikampigiza mlangoni, mkono wake ukavunjika kwa mlio wa kuni kavu, na kabla hajaanguka kikamrudia tena. Keziah akakimbilia mlango wa nje, akautikisa, akakumbuka ufunguo uko wapi, akageuka, na hapo kofi likamkuta shavuni, meno mawili yakamjaa mdomoni pamoja na damu, akaburutwa kwa kifundo cha mguu sakafuni kote hadi chini ya sinki, kucha zake zikikatikia kwenye vigae, huku ile harufu ya nywele ikimziba pumzi. Uso wake ukagandamizwa kwenye bomba. Na kutoka ndani ya bomba sauti ya mwanamke ikamwambia, kwa Kikamba safi, lugha ya kwao ambayo nyumba ile haikupata kuisikia:

"Umenichomea mwanangu. Mtoto kwa mtoto."

Mkono uliomshika ukalegea kidogo, kama mtu anayebadili mshiko. Keziah akachomoa simu mfukoni. Alijua mtu mmoja tu wa kumpigia.

Pasta aliitika kwa video. Alikuwa ameketi kitandani na Maryann amesinzia begani mwake, ngumi zimelishika lile sikio.

"Baba, kuna kitu. Kinatuua. Kinasema nimechoma..."

"Usiniambie kinasema nini. Mimi sisikilizi mashetani." Tayari alikuwa ametoa mkono mmoja kwenye koti. "Weka simu karibu nacho."

"Baba, ngoja. Kinataka..."

Ndipo Keziah alipotambua anachotaka kusema mzee, na nani amelala begani mwake. Alifungua mdomo apige kelele ya kukataa. Vidole visivyoonekana vikaingia kooni mwake mpaka ndani, vikaubana ulimi. Aliweza kutazama tu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliomba simu ikatike, na mtandao wa Jeddah, unaokatika kila mtu akitaka kusema neno la maana, ulikuwa imara kuliko siku zote.

"Mwache huyo!" akanguruma Mchungaji Wambua. "Kama una nguvu, njoo kwangu!"

Vidole vikatoka kooni. Jikoni kukawa baridi, kukatulia, na harufu ikaondoka yote kwa mkupuo.

Zeinab alijikokota kwa magoti, mkono wake ukining'inia. "Kaenda," akasema kwa sauti ndogo. "Babako kamwelekeza wapi? Jini hutumwa jangwani, mwanangu, hutumwa pasipo na watu. Kamtuma wapi?"

Simu ilikuwa bado hewani; ile ya baba yake ilikuwa imeangukia mgongo huko Makueni, na kiooni mwa Keziah palionekana mabati ya paa tu. Chini ya mabati hayo mama yake alikuwa analia. Kitanda kiligonga ukuta, kikagonga tena. Halafu uso wa pasta ukainama juu ya simu. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa damu tupu, na mahali pa sikio palikuwa shimo.

"Amemvuta mtoto, Keziah," akasema. Hakuwa na ile sauti ya kanisani. "Maryann hakuliachia sikio. Nilimshika miguu, nikashindwa. Ameenda nalo. Mlango ulikuwa umefungwa, mwanangu, hatujui amepita naye wapi. Nisamehe."

Keziah aliiacha simu sakafuni. Akajaza ile sufuria kubwa maji, akaiweka jikoni, akawasha moto wote.

"Wafanya nini?" Zeinab akauliza.

"Namwita arudi. Akirudi aniue mimi, amwache mtoto."

"Usimwage kimya, Keziah. Nakuomba. Sema neno."

"Nikisema neno hatakasirika."

Maji yakachemka, yakafurika pembeni. Keziah akaishika sufuria kwa mikono mitupu, ngozi ikashika kwenye chuma, wala hakuhisi. Akaegemea sinki, akafunga mdomo wake wenye damu, akamwaga yote mpaka tone la mwisho.

Bomba likalia kilio kile kile, chembamba. Halafu likasema, kwa sauti aliyoijua kuliko sauti yoyote duniani:

"Mama, maji ni moto."