Inzi wa Mama Waridi

Kila nikitoka shule nilipitia karakana ya shangazi yangu kumwoshea brashi. Shangazi alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka. Watu walimwita Mama Waridi kwa sababu hakuna bango lake lililokosa ua la waridi. Kinyozi alichorewa waridi, fundi baiskeli waridi, hata muuza utumbo! Mimi nilikuwa nimeyachoka mawaridi yale mpaka basi.

Wateja nao walichoka. Mtaa wa pili lilifunguliwa duka lenye mashine ya kuchapa mabango, wakahamia huko wote.

"Nisipopata kazi mwezi huu, nafunga karakana," shangazi aliniambia siku moja, machozi yakimlengalenga.

Jioni hiyohiyo akaja msimamizi wa soko. "Mama Waridi, nataka mchoro kwenye ukuta wa choo cha soko. Watu wakitoka hawanawi mikono, na matumbo hayaishi kuwauma."

"Choo!" Shangazi alikunja uso. "Ndiko nilikofika?"

Lakini aliyekosa kazi hana nafasi ya kuringa. Jumamosi tukaenda.

Choo kile, jamani! Uvundo ulitupokea kabla hatujafika mlangoni. Inzi wa kijani walijaa kila mahali, mmoja akanitua mdomoni. Nilitema mate mpaka koo likakauka. Shangazi alijifunga kitambaa puani, akachora mikono miwili, kipande cha sabuni na, kama kawaida yake, mawaridi pembeni.

Tulikaa kando kutazama. Watu walipita bila hata kugeuza shingo. Kisha akatoka baba mmoja mnene, akafuta vidole kwenye suruali, akaenda moja kwa moja kwa muuza mkate. Akaubonyeza huu, akauacha. Akaubonyeza ule, akauacha. Wa tatu akaununua, akaumega na kuula palepale. Niligeuza uso nisimwone akitafuna.

"Shangazi," nikasema, "picha yako ni nzuri mno. Haimuudhi mtu. Chora hicho tulichokiona."

"We mtoto, una adabu kweli? Nichore uchafu? Nikiharibu, nani atanipa kazi tena?"

"Kwani sasa nani anakupa?"

Alinikazia macho, nikajua mdomo umeniponza. Lakini hakunigombeza. Alichovya brashi pana kwenye rangi nyeupe, akayapaka mawaridi yote mpaka yakapotea.

Jioni, pale ukutani palikuwa na inzi mkubwa kama mbuzi, amekaa juu ya mkate, miguu yake yenye manyoya ikidondosha uchafu. Vidole vyenye kucha nyeusi vilikuwa vikiumega mkate huohuo. Mimi niliyetoa wazo nilishindwa kuitazama picha ile mara mbili.

"Ondoeni hilo dude!" muuza mkate alipiga kelele. "Mtanifukuzia wateja!"

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," msimamizi alicheka huku amefumba jicho moja. "Liacheni."

Kesho yake yule baba mnene alitoka chooni, akakutana na inzi. Akakunja uso. Akatazama vidole vyake, akatazama mikate, kisha akarudi bombani taratibu. Nyuma yake wakafuata wengine, na muuza mkate mwenyewe akiwemo. Wiki hiyo msimamizi alileta kazi ya kuta nyingine mbili, na zahanati ikataka kuchorewa mbu. Karakana haikufungwa.

"Mwanangu," shangazi aliniambia tukiosha brashi pamoja, "waridi lilinilisha miaka mingi, nikadhani litanilisha daima. Niliyaita mazoea yangu ufundi, kumbe ni woga tu. Mchoraji anayeogopa kuharibu hawezi kuchora kitu kipya. Ukikua, kazi yoyote utakayoshika, usiogope kujaribu."

Kisha akavuta kigoda, akaketi na penseli mkononi. "Haya, niambie, nini kingine kinakutia kinyaa?"

Nilianza na mtaro ulio nyuma ya darasa letu, na mpaka giza linaingia nilikuwa bado sijamaliza.