Jicho Nyuma ya Nakshi

Picha iliyoanza kuharibika ilikuwa ya tausi aliyekatwa kwenye ubao. Mkia wake ulikuwa na matundu tele, na nyuma yake palitandazwa shuka jeupe, kwa hiyo kila tundu lilipaswa kutoka jeupe kwenye picha. Moja lilitoka jeusi. Halikuwa jeusi la kivuli. Lilikuwa jeusi lenye unyevu, kama mbegu ya papai iliyochomolewa sasa hivi.

Mwenye tausi mtaa ulimwita Bwana Tazameni, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolitanguliza kwenye kila picha aliyoiweka mtandaoni: "Tazameni!" Alikuwa na msumeno wa umeme wa kukatia nakshi, ule wenye ubapa mwembamba kama uzi, unaopanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Ufundi wake ulikuwa wa kubabaisha. Kwenye kona mkono ulimtetemeka. Palipokatika vibaya alipaka puti, palipochanika aliziba kwa gundi na unga wa mbao, kisha uongo wote akaumalizia kwenye simu: hapa anang'arisha, pale anafuta, plaiwudi ya kufunikia dari inageuka mninga. Kukata kulimchukua asubuhi moja. Kuzirembesha picha kulimchukua wiki nzima. Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ndiyo iliyolisha nyumba ile. Alishaacha kuuliza nakshi hizo zinanunuliwa na nani.

Walikuwa na binti mmoja mdogo, waliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyoongea bila kupumzika, hata usingizini. Baba yake alimpa kazi: achuchumae kati ya ubao na shuka, kichwa chini ya ukingo wa meza, aangaze shuka kwa taa ili matundu yang'ae.

"Nilikwambia usichungulie," baba alifoka alipoliona lile tundu. "Umeniharibia picha."

"Sikuchungulia, baba. Mimi nilifumba macho," Chiriku alijibu. "Yeye ndiye aliyechungulia."

Mtu mwenye akili angeiweka simu chini hapo hapo. Bwana Tazameni hakusikia hata neno. Alikuwa ameshaanza kufuta. Alisugua tundu kwa kidole mpaka likawa jeupe, na weusi ukahamia tundu la pili. Akafuta la pili, ukaenda la tatu. Alipoikuza picha akaona kope. Akachoka, akaiweka mtandaoni vile vile, akaenda kula.

Aliporudi simu ilikuwa inatetemeka mezani kama ina homa. Watu ambao hawakuwahi kumsalimia walimwita gwiji. "Hilo jicho umelifanyaje, fundi? Linanifuata chumba kizima!" Mwingine akaandika kwamba hajawahi kuona kitu cha kutisha na kizuri namna hiyo. Bwana Tazameni alisoma akiwa amesimama, midomo ikimcheza. Kisha akaandika jibu, bila aibu hata ya kusingizia: "Ni mbinu yangu ya siri. Tazameni, mengine yanakuja."

Yakaja. Alikata farasi, akakata samaki, akakata fremu ya saa ya ukutani, zote ovyo kuliko tausi, maana sasa nani aliangalia ubao? Jicho lilikua. Kwa farasi lilijaza matundu mawili. Kwa fremu ya saa lilijaa duara zima, na ndani ya mboni watu waliokuza picha waliona dirisha, meza, na mtu aliyeinama na simu. Walimpongeza kwa hilo pia.

Chiriku akanyamaza. Mwanzo aliacha kuimba, halafu akaacha kuuliza maswali, halafu akaacha kujibu. Alikaa kwenye kigoda mikono magotini, macho wazi, na bibi yake, mama wa mshonaji, aliyekuwa akiishi nao, aligundua kwamba mtoto hakuwa akipepesa.

"Mwanangu," bibi alimnong'oneza mshonaji jikoni, "nimepitisha kiganja mbele ya uso wake. Hapepesi. Halafu nywele zake zinanuka kama zimepitiwa na pasi ya moto."

"Nimeisikia hiyo harufu, mama. Nilidhani ni msumeno."

"Msumeno gani? Umeme umekatika tangu asubuhi."

Katika ule mchana mweupe, jua likiwa limejaa sakafuni na majirani wakilalamika nje kwamba barafu ya mafriji yao inayeyuka, wakausikia msumeno ukinguruma kwenye chumba cha kazi, kwanza polepole, kisha kwa kasi, kisha kwa sauti kama ya kitu kinachokata kitu kingine laini kuliko mbao, na walipokwenda wameshikana mikono na kuusukuma mlango waliona waya wa umeme umelala sakafuni mbali na ukuta, ubapa ukipanda na kushuka peke yake, na mbele yake Chiriku amesimama kwa ncha za vidole, uso wake umesogea karibu kabisa na ule ubapa, akiwa ametulia kama mtu anayesubiri kunyolewa.

Mshonaji hakujua alivukaje chumba. Alimnyakua mtoto, na msumeno ukazima.

Bwana Tazameni alikuwa kwenye kiti dirishani, hatua chache tu kutoka hapo. Alikuwa anajibu maoni.

"Hukuona?" mkewe alimuuliza.

"Kuona nini? Mama Chiriku, usinikatishe, watu wananisubiri."

"Watu gani? Hivyo vidole gumba vya kwenye simu ndivyo unavyoviita watu?"

Mganga aliitwa jioni ile ile, kabla jua halijazama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani minene. Hakupiga ngoma wala kuvaa mashanga. Alimpakata Chiriku, akamfukiza ubani, akamwekea kiganja utosini.

"Nani amekuleta humu?" aliuliza.

Mdomo wa mtoto ukafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya chuma kinachopita kwenye ubao. "Sikuletwa. Nimeitwa. Kila siku huyu alisema tazameni, tazameni. Nikatazama."

"Na mtoto amekukosea nini?"

"Hakunikosea. Alikuwa karibu. Huyu baba nilijaribu kuingia kwake kwanza." Sauti ikakwaruza, labda ilikuwa kicheko. "Nimekaa visimani, nimekaa magofuni. Ndani yake hamna hata pa kukanyaga."

Bibi alijikuta anatikisa kichwa kukubali, akajizuia.

Mganga akamgeukia Bwana Tazameni. "Sikiliza, baba. Jicho umelifanya lako mbele za watu. Waambie watu hao hao kwamba si kazi yako. Kisha futa picha zote, isibaki hata moja."

"Zote?"

"Zote."

Akamtazama binti yake, akaitazama simu. "Hakuna njia nyingine?" aliuliza. "Kuku, kwa mfano? Nasikia kuna wanaotoa kuku."

Mkewe alimwangalia kwa namna ambayo mwanamke humwangalia mende aliyetoka chini ya chungu. "Andika," alisema.

Akaandika. Akafuta, akaandika tena, akatafuta maneno yatakayompendeza. Wakati huo damu nyembamba ilikuwa imeanza kutoka kwenye kona za macho ya Chiriku, na bibi akiipangusa kwa upindo wa khanga. Hatimaye Bwana Tazameni akayaandika ya kweli, kwamba jicho si lake na hajui ni la nani, akabonyeza.

Chiriku akapepesa. Akapiga chafya, akaangua kilio kikubwa cha kawaida, na katikati ya kilio akaanza kuuliza: kwa nini bibi analia, huyu mama mwenye miwani ni nani, mbona kuna moshi? Mshonaji alimkumbatia, akacheka na kulia pamoja. Ule ubao wa saa waliuchoma uani.

"Limemwacha mtoto," mganga alisema akifunga kikapu chake. "Umefuta picha zote?"

"Zote," alijibu Bwana Tazameni.

Alikuwa amefuta zote isipokuwa moja. Ungamo bila picha nani angelisoma? Alilibandikia ile ya saa, nzuri kupita zote, jicho zima.

Asubuhi iliyofuata maoni yalikuwa mengi kuliko siku yoyote. Wengi walidhani ungamo ni utani wa msanii. Lakini kati yao walianza kuja watu wenye picha zao wenyewe. Mwanamke mmoja alituma pazia lake la lesi, mtoto mchanga amelala mbele yake, na kwenye tundu moja la lesi palikuwa na weusi wenye unyevu. Mwingine alituma kiti cha ukindu alichokalia baba yake mzee. Mwingine nondo za dirisha, mama yake amesimama mbele yake. "Fundi, hiki ni nini?" waliuliza. "Fundi, tusaidie. Mama hapepesi."

Bwana Tazameni alizipitia moja baada ya nyingine, akizikuza kwa vidole viwili, na uso wake ukazidi kukunjamana.

"Mama Chiriku!" aliita, sauti imejaa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa. "Hebu njoo uone. Wameniiga!"